Historia ya Marehemu Egidi

Wakili Renatha alimweleza Benigna tangu siku ya kwanza kwamba kuna mambo matatu ya kuthibitisha: kampuni iliyochimba ule mtaro njiani ilikuwa na wajibu wa kuulinda, haikuulinda, na mtaro ndio uliomuua Egidi. "Tukiyathibitisha yote, mama, mahakama itatamka kwamba mumeo aliuawa na uzembe." Benigna hakutaka kingine. Watu wa Matogoro walishaanza kusema Egidi alikuwa amelewa, na Egidi, maskini, hata togwa ikichacha kidogo ilimshinda.

Mawili ya kwanza yalipita bila taabu. Mtaro wa mabomba ulichimbwa katikati ya njia, kina cha mtu mzima, ukaachwa wiki nzima bila hata utepe. Egidi alikutwa humo alfajiri, ameshapoa.

Ndipo wakili wa kampuni akatoa karatasi. Ilikuwa historia ya marehemu, ile aliyoisoma makaburini Wendelini, mdogo wake Egidi: "Marehemu alisumbuliwa na presha kwa muda mrefu, hadi umauti ulipomfika."

"Nani alisema iandikwe hivi?" alimuuliza Benigna kizimbani.

"Mimi," alisema Benigna.

Angefanyaje? Kampuni ilileta jeneza na gari, na msimamizi wake aliketi mstari wa mbele, kofia mapajani. Mtu aliyekuja kukuzikia humwaibishi mbele ya kaburi. Wendelini alipouliza aandike nini, Benigna alijibu harakaharaka ili mambo yaishe kwa heshima. Heshima gani hiyo, jamani!

"Mwili ulipimwa?"

"Hapana. Tulizika kesho yake."

"Una cheti cha hospitali kinachoonyesha hakuwa na presha?"

"Hakuwahi kwenda hospitali. Hakuwahi kuumwa."

"Basi presha hii ilitoka wapi?"

"Ni yangu. Nameza vidonge mwaka wa sita huu. Nilimwazima."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Benigna alitamani ardhi immeze.

Hukumu ilisomwa kwa upole: wajibu ulikuwepo, uzembe ulikuwepo, ila kilichomuua marehemu hakikuthibitishwa. Shauri likatupwa.

Nje, Wendelini alikuwa analia waziwazi. "Shemeji, tukate rufaa. Utawaeleza upya."

"Mimi nilishatoa ushahidi, Wendelini," alisema Benigna. "Makaburini, mbele ya watu wote. Wakaniamini."