Maziwa Yasiyonuka

Kazi yangu ni kunusa maziwa. Watu hucheka nikisema hivyo, na wacheke, lakini pale kituo cha maziwa Endarasha hakuna mtungi unaomiminwa kwenye tangi kabla sijafunua kifuniko na kuingiza pua. Maziwa mazuri hayanuki kitu. Mwaka ule wa korona, jambo hilo karibu linitie wazimu.

Redio ilikuwa imesema kwamba anayeshikwa na ugonjwa hasikii tena harufu. Sasa fikiria mtu anayefunua mitungi sitini kila asubuhi, na yote hainuki. Ni maziwa mazuri, ama nimeshikwa? Nikawa natembea na kipande cha kitunguu mfukoni. Mtungi, kitunguu, mtungi, kitunguu. Anita, karani wetu, aliniuliza kama alete na nyanya tupike. Sikucheka. Nikikohoa mara moja nilianza kuhesabu siku kumi na nne, na nikikohoa tena nilianza upya.

Mama yangu, Warigia, anaishi peke yake ng'ambo ya kijito, mwendo wa dakika kumi. Ana miaka sabini na kitu, na kifua chake hakijawahi kuwa kizuri. Kwa miezi minne sikuingia kwake. Kila Jumamosi niliweka unga na sukari kwenye geti, nikaita, "Mami, nimeweka," kisha nikageuka kabla hajatoka. Niliambia kila mtu kwamba namlinda. Ukweli, na naona aibu kuusema, nilikuwa naogopa kikohozi chake.

Asubuhi moja ya Agosti mitungi arobaini ilikuwa imepita bila harufu, na kitunguu changu kilikuwa kimekauka, nacho hakinuki tena. Nikafunua uliofuata. Uchachu ukanipanda hadi machoni. Nilicheka kama mlevi. Nikanusa tena na tena, nikamwita Anita anuse naye, nikamwambia mimi ni mzima. Yeye alikuwa anasoma namba iliyopakwa rangi ubavuni mwa mtungi.

"Gatimu," akasema, "hii ni ya mami yako."

Furaha iliniishia papo hapo. Mama hajawahi kurudishiwa maziwa maisha yake yote. Na kanuni yetu ni kwamba maziwa yakikataliwa, mpimaji mwenyewe huyarudisha siku hiyo hiyo na kukagua ng'ombe. Nilimsihi Anita aende badala yangu. Alisema yeye ameajiriwa kuandika, si kunusa.

Nikabeba mtungi. Njia nzima niliwaza kwamba mama ameshikwa, ameshindwa kuamka kukamua, ametuma ya juzi. Nilimwona kitandani akihema. Mungu anisamehe, nilijiona pia nimesimama mlangoni, nimekataa kuingia.

Nilimkuta amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa safi kichwani, mzima kabisa. Nikasimama mbali, barakoa imenifika machoni, nikaanza maneno ya kazini: maziwa yamechacha, je, kiwele kina uvimbe? Akanijibu kwamba ng'ombe hana kitu. Maziwa aliyaweka kando ya moto siku mbili.

"Na ulijua yatarudi?"

"Nilijua. Na nikajua ni nani atarudisha."

Huyu ni mtu anayekaripia mtoto kwa kumwaga tone, na alikuwa ameharibu mtungi mzima kwa makusudi ili anione.

"Unaniwekea unga kwa geti kama mbwa," akasema, bila kupandisha sauti. "Kama ni kufa, nimekufa mara mingi hapo nikiangalia mgongo yako. Ati umekuja kukagua? Basi kagua na mimi."

Kisha akakohoa. Nilirudi nyuma hatua moja, sitaficha, na aliniona nikirudi. Nikaweka mtungi chini, nikaingia jikoni, nikaketi karibu naye kwenye kigoda, nikiogopa vibaya sana.