Pikipiki Aliyoichagua Mama

Mwenye mtoto mkubwa na asikie haya akiwa amekaa, kwa sababu hofu ya mama ni mbwa mkali. Ukimfungulia alinde nyumba, usishangae akikugeukia wewe uliyemfuga.

Mama Cheche alikuwa mshona viti. Si viti vya sebuleni, ni vya pikipiki na magari. Kiti kikichanika, kikizama katikati, au kikiliwa na jua mpaka ngozi ikapasuka, kililetwa kwake. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, chembamba, mlango wa barabarani upande mmoja na mlango wa kuingilia ndani upande wa pili. Cherehani yake nzito aliiweka huku ndani, mwisho kabisa, ili akishona aone kila anayeingia.

Kazi ile ilimfundisha kusoma viti kama wengine wanavyosoma nyuso. Kiti kilichozama mbele na kubaki kipya nyuma, mwenyewe hapakii mtu. Kiti kilicholika ukingo mmoja, mwenyewe ana mguu mbovu, anapandia upande huo huo kila siku. Na kiti ambacho bati lake la chini limejipinda, hicho kimeanguka vibaya pamoja na pikipiki yake, maana bati hulala juu ya mifupa ya pikipiki na hufuata mifupa ilivyo. Viti vya namna hiyo vilimjia vikiwa vimeoshwa. Aliyevileta hakuwa mwenyewe, alikuwa kaka yake, au mjomba, na alizungumza akiangalia pembeni. "Tushonee tu vizuri, tunataka kuuza." Kiti hurudi, mwenyewe harudi. Mama Cheche alishona, na siku hiyo hakupika.

Mtoto alikuwa naye mmoja. Baba yake alifariki kwa maradhi, mtoto angali anatambaa. Sasa alikuwa mchomeleaji wa mageti, mrefu kuliko mlango, mashati yake yote yana vitundu vya moto, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Cheche. Jioni moja akamwekea mama yake simu mbele ya macho.

"Mama, tazama hii."

"Naona mifupa. Nyama iko wapi?"

"Ndiyo uzuri wake. Unachukua pikipiki kuukuu, unaondoa kila kisicho na kazi. Usukani unashushwa, kiti kinakuwa kifupi, cha mtu mmoja, unalala juu ya tangi. Wanaita kafe resa. Zamani huko ng'ambo vijana walikuwa wanashindana nazo kutoka mgahawa mmoja wa chai mpaka mwingine."

"Wanakimbilia chai?"

"Ndiyo, mama."

"Chai gani hiyo isiyoweza kungoja ipoe?"

Cheche akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, "Kiti utanishonea wewe."

Mama akayarudia maneno yale moyoni. Kiti cha mtu mmoja. Basi hata wa kukaa nyuma na kumgonga bega, kumwambia polepole baba, hana pa kukaa.

Alisema yote ambayo mama husema. Akabembeleza, akanuna, akatoa mifano ya watoto wa watu. Lakini kijana mwenye mshahara wake hafungwi kamba mguuni. Basi Cheche alipomwomba amsindikize kwa muuza vyuma chakavu kuchagua, alikubali upesi hata mtoto akashangaa. Alikuwa amekwisha kupata wazo, na wazo lenyewe alilipenda.

Muuza vyuma aliitwa Mzee Kutu. Uwanja wake ulijaa mageti ya zamani, majiko, vitanda vya chuma na mabomba, na katikati ya vyote hivyo pikipiki mbili zilikuwa zimeegemeana kama walevi, moja nyekundu, moja ya bluu.

"Mama Cheche, leo umekuja kuniposea?" akauliza Mzee Kutu.

"Kwa harufu hii ya kutu, mzee, mahari yako italipwa kwa sabuni."

"Haya, kijana, mchumba chagua mwenyewe. Nyekundu inawaka, ila inataka kubembelezwa. Ya bluu..." Akaikanyagia kiki kwa uzito wake wote. Kiki haikusogea. "Ya bluu imeshika. Imeshika kama mkono wa bahili."

Cheche alichuchumaa, akapapasa, akapuliza vumbi. "Injini hutengenezwa," akamwambia mama yake. "Tangi hupakwa rangi, taa hununuliwa. Mgongo, fremu yenyewe, ndio hauna dawa. Mgongo ukipinda, ukienda kasi pikipiki inavuta upande, na ukifunga breki inakutupa." Akajaribu kuchungulia kwa jicho moja kutoka nyuma kwenda mbele, lakini tairi zilikuwa hazina upepo, magurudumu yamegeuka, mabomba yameziba kila upande. Akainuka. "Nisomee viti, mama. Wewe hukosei."

Mama Cheche akang'oa kiti cha nyekundu, akakigeuza. Bati limenyooka kama rula. Ngozi imelika katikati, sawasawa, kwa unyenyekevu, kama ya mtu mzima aliyekuwa akienda kazini na kurudi. Akakirudisha. Akang'oa cha bluu. Ukingo wa kushoto ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine, na bati lilikuwa limejipinda kama mdomo wa mtu anayetaka kulia. Mwenye macho yake hakuhitaji kuambiwa. Pikipiki hii ilikuwa imetupa mtu.

Lakini imeshika, akawaza. Haitawaka leo wala kesho. Itakaa nyumbani, mtoto ataichezea mpaka achoke, na pikipiki isiyotembea haiui mtu.

"Nyekundu imeanguka," akasema, sauti yake imetulia hata yeye mwenyewe akaishangaa. "Mgongo wake si wa kuamini. Chukua ya bluu."

Mzee Kutu akafungua mdomo, kisha akaufunga. Muuzaji hamrekebishi mteja anayechagua kibovu.

"Hiki kiti cha zamani nipe mimi," mama akaongeza. "Sponji yake itanifaa."

Kilipofika nyumbani alikichomeka nyuma ya marobota ya ngozi, bati limetazama ukutani.

Pikipiki haikuwa na pa kulala ila chumba cha kazi. Cheche aliisukuma ndani kinyumenyume, ikajaa katikati kama mgeni asiyejua kuaga. Upande mmoja ukuta, upande wa pili marobota. Kupita kulitaka ugeuke ubavu na ukusanye nguo. Wateja wakaanza kuagiza viti vyao wakiwa nje. Mama Cheche akienda mlangoni, mshikio unamnasa khanga. Akirudi, kiki inamgonga mguu. Ngozi zote zikanuka mafuta. Jirani akachungulia akasema, "Mama Cheche, umeolewa na pikipiki?" Naye akajibu, "Afadhali, hii haiulizi chakula." Kusema kweli alikuwa na furaha. Mfungwa wake alikuwa ndani na mlango ameukalia yeye.

Kila jioni Cheche alikuja, akamwaga mafuta kidogo kwenye tundu la plagi, akatikisa gurudumu la nyuma mbele na nyuma, taratibu, kama anayembembeleza mtoto mgonjwa. Hakulalamika. Alikata sehemu yote ya nyuma ya fremu kwa grenda, akachomelea nyingine fupi, iliyopindwa vizuri kwa ajili ya kiti kipya. Mama akatazama ule mpindo wa nyuma ukikatwa na kutupwa, akajua uliobaki uko mbele, chini ya tangi, mahali jicho halifiki.

Ikawa hivyo mpaka alasiri moja, mama ana kiti cha teksi mapajani. Cheche akakanyaga kiki kama alivyozoea, na kiki ikashuka. Ikashuka yote, laini. Cheche akamgeukia mama yake, uso umemng'aa kama siku aliyojua kusoma.

"Umeona, mama? Uliichagua vizuri."

Siku chache baadaye ikawaka, ikajaza chumba moshi, mama akakimbilia uani akikohoa. Alikohoa muda mrefu kuliko moshi wenyewe.

Kilichobaki kilikuwa kiti. Cheche alimletea bati jipya alilolikata mwenyewe. "Jumapili tunakwenda na wenzangu barabara ya mteremko."

Mama akasema sponji imekwisha. Cheche akaleta sponji. Akasema uzi mzito hakuna, Cheche akauona rafuni. Akasema sindano imevunjika, na hapo kijana akamtazama tu, akatoka. Mama Cheche akabaki kwenye kiti chake, cherehani mbele, ukuta nyuma, na ile pikipiki imemzibia njia. Akisema, atakuwa mwongo mbele ya mwanawe. Asiposema, Jumapili inakuja. Tena aliona vilevile kwamba kiti kile, siku moja, mtu angemletea kikiwa kimeoshwa.

Ijumaa akasema.

"Mwanangu, hiyo pikipiki mgongo wake umepinda. Usiipande."

Cheche alikuwa anafuta tangi. Hakuinua hata kichwa. "Mama, umeanza."

"Nakwambia kweli."

"Kule uwanjani nyekundu ndiyo imepinda. Leo ya bluu ndiyo imepinda. Kesho utaniambia barabara ndiyo imepinda."

Mama akaenda nyuma ya marobota, akakitoa kile kiti cha zamani. Akamwonyesha bati. Cheche akakigeuza mara moja, akakirudisha. "Mabati kama haya unayo chumba kizima. Nitajuaje hili ni la ipi?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza mama. Alizungumza kwa upole wa mtu anayemwongoza mgonjwa kitandani. "Kiti usijisumbue. Jumapili nitafunga gunia."

Ndipo mama akajua amejifungia mwenyewe, na ufunguo umebaki nje. Ukweli aliokuwa nao ulikuwa mzima, lakini hakuna wa kuupokea, kwa sababu ulitoka kinywa kilekile.

Akachukua kibiringo cha uzi mweupe. "Basi usiniamini. Nishikie uzi tu."

"Mama."

"Uzi haunipendi wala haukuchukii. Shika."

Akaupitisha uzi nyuma ya gurudumu la nyuma, wakavuta ncha zake kwenda mbele, mmoja kila upande, chini kabisa, mama akitambaa kati ya chuma na ukuta. Gurudumu la mbele limenyooshwa; mgongo ukiwa mzima, uzi hupita sawasawa pande zote mbili za tairi yake. Upande wa kulia uzi uligusa tairi. Upande wa kushoto ulipita mbali na tairi, mkasi ungeingia katikati bila kugusa kitu.

Cheche akalegeza nati za gurudumu la nyuma, akalipanga upya, akavuta uzi tena. Ikawa vilevile. Akapiga magoti mbele, akatazama kwa jicho moja, mchomeleaji anayejua mstari ulionyooka akiuona. Akakaa chini sakafuni.

"Ulijua lini?"

"Pale pale. Nilipogeuza kiti."

"Na nyekundu?"

"Nyekundu haikuwa na kosa."

Alitegemea makelele, na makelele angeyapokea kama mvua. Kijana aliuzungusha ule uzi kwenye kibiringo chake, taratibu, bila fundo, akamwekea mama yake mkononi. "Ningeipeleka mteremkoni," akasema. "Wewe umekaa hapa unashona."

"Ndiyo maana nimekwambia."

"Umeniambia Ijumaa, mama."

Jumapili hakwenda. Alikaa kitandani na viatu miguuni. Ya bluu ikabaki chumbani, haina kiti wala mnunuzi, maana Cheche alikataa kumuuzia mtu kifo. Mzee Kutu akatuma salamu kwamba nyekundu imekwisha kuondoka. Kijana aliendelea kula chakula cha mama yake, kumsalimu asubuhi, kumwachia matumizi mezani. Adabu yote ilikuwepo. Kitu kimoja tu kiliondoka: hakumuuliza tena neno lolote linaloanza na "unaonaje".

Kisha adhuhuri moja mama akasikia mngurumo nje, unasimama mlangoni. Akainua macho kutoka kwenye cherehani. Kwa juu ya tangi la bluu akaona pikipiki nyeusi, fupi, usukani umeshushwa, na mwanawe juu yake na helmeti.

"Hiyo ya nani?"

"Yangu, mama. Nimekwisha kuchagua."

"Umeipata wapi? Ilianguka? Nani ameikagua?"

"Nilikagua mwenyewe."

Macho ya mama yalikwenda kwenye kiti kabla hajayatuma. Kiti kilikuwa kipya. Ngozi mpya, mshono wa fundi mwingine, mshono wa haraka, umekwenda upande mahali pawili. Ngozi mpya haisemi kitu. Chini yake kulikuwa na bati, na juu ya bati lile kulikuwa kumekaa mtu, na mtu huyo alikuwa ameanguka au hakuanguka. Ilitosha kukigeuza mara moja tu.

"Ningoje," akasema. "Nikitazame kiti tu, mwanangu. Sitasema kitu."

Cheche akashusha kioo cha helmeti. Labda hakusikia.

Mama Cheche akainuka, akasukuma cherehani, akageuka ubavu, akakusanya khanga yake, akaanza kujipenyeza kati ya ya bluu na marobota. Mshikio ukainasa. Akaivuta, ikanasa kwenye kiki. Akainasua, na nje mngurumo ukapanda, ukageuka kona, ukawa mdogo. Naye alikuwa bado hajafika kwenye gurudumu la mbele.