Mtegemezi wa Mama Mkwe

Ufa ulikuwepo ukutani tangu kabla Wembe hajahamia katika nyumba ile. Mwenye nyumba aliuziba kwa kutundika kalenda, na kila ufa ulipopanuka, alinunua kalenda kubwa zaidi. Wapangaji walicheka mpaka wakazoea. Kisha mvua zikaja za mfululizo, na asubuhi moja kalenda ikaonekana imetumbukia yote ndani ya ukuta. Alasiri wakafika watu wa halmashauri ya mji na kopo la rangi nyekundu. Wakachora alama ya X kwenye mlango mkubwa, wakasema kila mtu atoe vyake kabla nyumba haijawatoa yenyewe.

Wembe alikuwa kinyozi, na jina hilo alipewa kwa ajili ya kazi, wala si kwa ukali. Ukali hakuwa nao hata wa dawa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kidogo, aliyefiwa na mke bila kujaliwa watoto. Katika nyumba ile alipanga chumba kimoja, na chumba cha kutazamana nacho alipanga mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sweta kwa sababu nusu ya watoto wa shule za pale walivaa masweta aliyoyafuma. Mkewe Wembe alikuwa mtoto wake wa pekee. Watu walidhani baada ya mazishi kila mmoja angeshika njia yake. Haikuwa hivyo. Mama Sweta aliendelea kupika kwa watu wawili, na Wembe akaendelea kumtengenezea bomba kila lilipovuja.

Siku ya kuhama, vyumba vya kupanga vilikuwa vimepanda kodi kana kwamba vimeambiana, maana nyumba zenye alama nyekundu zilikuwa nyingi na watu wote walitafuta kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wakahamia walikokuwa na ufunguo: kwenye kibanda cha Wembe cha kunyolea.

Kibanda hicho kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, benchi la wateja, vioo viwili, na sasa mashine ya kufumia masweta iliyochukua upande mzima wa ukuta. Mama Sweta alilala humo ndani, kwenye godoro nyuma ya pazia. Wembe alilala jirani, katika ghala la fundi seremala, rafiki yake wa siku nyingi, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza vitanda. Pengine hapakuwa na mtu asiye na makao aliyelala pazuri kama yeye. Alilalia vitanda vipya, vingine bado vinanukia vanishi. Shida ni kwamba kila kitanda kikipata mnunuzi, Wembe anahama.

"Hiki ni imara," seremala aliwaambia wateja. "Ukibisha muulize huyu, amekilalia wiki nzima na hakijatoa hata mlio."

Mchana ndipo kazi ilipokuwepo. Nywele ziliruka upande wa sufu, na sufu ikaruka upande wa nywele. Mteja alinyolewa kichwa kikang'aa, akasimama, akajikuta ana nyuzi za bluu kisogoni. Mwalimu mmoja alirudisha sweta akilalamika kwamba mtoto anajikuna tangu alipolivaa. Mama Sweta alilikung'uta mlangoni, zikadondoka mvi za mzee mmoja wa mtaa wa nyuma.

"Wembe!" akasema. "Mkwe wangu mpendwa! Wewe unaninyolea watu au unanifumia?"

"Mama, nisogee wapi? Nikirudi nyuma hatua moja nimekalia mashine yako."

"Basi nyoa kwa adabu."

Ndipo gari la matangazo likapita mtaani na kipaza sauti. Halmashauri ilikuwa na sera mpya ya makazi. Waliotolewa kwenye nyumba zenye alama nyekundu wangepewa vyumba katika maghorofa mapya, kwa kodi ya kawaida, familia kwanza. Mama Sweta alisimamisha mashine, akavaa viatu vyake vya safari, na kabla mteja aliyekuwa kitini hajamaliziwa upande wa kushoto, walikuwa wamemfungia mlango na kumwahidi kwamba wanarudi.

Afisa makazi alikuwa binti mwenye miwani na sauti ya upole, aliyekaa nyuma ya meza iliyozungukwa na watu kama kisima. Aliwasikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Ninyi wawili mna uhusiano gani?"

"Huyu ni mkwe wangu," akasema Mama Sweta. "Amemuoa binti yangu."

"Na binti yako yuko wapi?"

"Alitangulia mbele ya haki. Mwaka wa tatu huu."

Afisa alitoa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Lakini akaitazama karatasi ya masharti, akasema kwa taabu, "Kwa masharti tuliyonayo, mama, mke akishafariki uhusiano wa ukwe unakuwa umekwisha. Kila mmoja wenu anahesabiwa kuwa mtu peke yake. Watu wa peke yao tunawapeleka hosteli."

"Umekwisha?" Mama Sweta aliuliza taratibu, na Wembe, aliyeijua taratibu hiyo, akarudi nyuma kidogo. "Nani kaumaliza? Maana mimi sijaumaliza. Wewe, baba, umeumaliza?"

"Hapana, mama," Wembe akajibu haraka.

"Umesikia, binti yangu. Waliomo ndani hawajaumaliza, mmeumaliza ninyi mlioko nje."

Hosteli ya wanawake ilikuwa mwisho mmoja wa mji, ya wanaume mwisho mwingine. Mashine haikuruhusiwa kwa sababu ya kelele. Walirudi kibandani, wakamkuta mteja wao ameketi palepale, nusu ya kichwa msituni na nusu jangwani. Alikuwa ameshajisomea magazeti yote ya zamani. Alipoelezwa yaliyotokea akacheka.

"Mbona rahisi? Oaneni. Kesho mnapewa nyumba."

Bunda la sufu lilimpata sikioni kabla hajafunga mdomo. Wembe alimaliza upande uliobaki, nusura amkate. Alikuwa na aibu, na chini ya aibu palikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Neno la yule binti lilikuwa limemwingia. Labda ni kweli umekwisha. Labda huyu mama anamvumilia tu kwa mazoea, na angepumzika zaidi kwenye hosteli yenye kitanda cha kweli, mbali na nywele za watu. Nani alimwambia ana haki ya kuitwa "baba" na kupakuliwa chakula na mama wa mke ambaye hayupo?

Alijaribu kulisema kesho yake, wakati wakifagia. "Mama, ile hosteli ya akina mama nasikia ni safi."

"Nani kakuambia?"

"Watu."

"Basi hao watu waende." Akaendelea kufagia, akapiga kona kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

Mambo yangeweza kukaa hivyo mpaka lini, hakuna ajuaye, kama mwenye kibanda asingepita mapema kuliko kawaida yake na kumkuta Mama Sweta akipiga mswaki mlangoni. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba amepangisha kibanda cha kunyolea, hakupangisha nyumba ya kulala, na kama halmashauri wakijua watamfungia yeye. Mwezi ukiisha asikute godoro.

Basi wakarudi kwa afisa makazi. Foleni ilikuwa ndefu, na watu katika foleni wakishakaa muda mrefu huwa ndugu: walijua nani kapoteza nini, nani ana mtoto mchanga, nani kalala stendi. Walipofika mezani, binti mwenye miwani aliwatambua, akatabasamu.

"Nilikuwa nawasubiri. Nimeisoma sera yote, hata kule nyuma ambako hatusomi. Kuna kipengele. Watu wawili wanaoishi pamoja wanaweza kuhesabiwa familia kama mmoja ni mtegemezi wa mwenzake. Hawahitaji kuwa na damu moja. Kwa hiyo mama, wewe kwa umri wako nakuandika mtegemezi, na huyu bwana ndiye anayekutunza. Mtakuwa mmemaliza."

Wembe aliona jua limetoka. Ila alipogeuka, akaona uso wa mama mkwe wake umejifunga kama duka la siku ya mapumziko.

"Futa," akasema Mama Sweta.

"Mama, ni neno tu," binti akasema.

"Ni neno, ndiyo, lakini ni langu. Mimi nimefuma tangu wewe hujazaliwa. Nimemsomesha mtoto kwa mikono hii, nimemzika kwa mikono hii. Sijawahi kumtegemea mtu, na sitaanza leo mbele ya watu wote hawa kwa sababu ya bafu la ndani."

"Bibi, kubali tu!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma kwenye foleni. "Mimi niandikwe hata mbuzi, bora nipate choo!"

Watu wakacheka. Mama Sweta hakucheka. Alichukua mkoba wake akauweka begani, na Wembe akajua kwamba akiufikia mlango ule hatarudi, atakwenda kulala popote na kusema anapenda hewa.

Alimtazama mgongo. Na pale pale, katikati ya kelele za ofisi, akamwona alivyokuwa miezi ile baada ya mazishi, wakati yeye Wembe alipofunga kibanda na kulala akitazama ukuta. Alikuwa haogi. Alikuwa hali mpaka alishwe. Huyu mama, naye ana msiba wake mzito kuliko wa kila mtu, alikuja asubuhi moja, akamwinua kwa mkono, akamvuta mpaka kibandani, akafungua mwenyewe. Akaketi kwenye kiti, akavua kitambaa, akasema, "Ninyoe." Wembe akasema hawezi. Mama akasema, "Nimefiwa, nataka kunyolewa, na kinyozi ninayemjua ni mmoja." Wembe akamnyoa nywele zote za mvi, machozi yakimchuruzika. Na alipomaliza, kulikuwa na mteja amesimama mlangoni anangoja zamu yake.

"Andika mimi," Wembe akasema.

Binti akainua uso. "Wewe nini?"

"Mimi ndiye mtegemezi. Mama ndiye anayenitunza."

"Kaka, wewe una nguvu zako, una kazi yako."

"Kazi nilikuwa nimeiacha, dada. Alinirudisha yeye." Akamsimulia yote, hata ya kulishwa, hata ya kutooga, na sauti yake ilikuwa ndogo mwanzoni, lakini ofisi ilinyamaza kidogo kidogo mpaka ikasikika hadi mlangoni. "Nikikosa kuonana naye siku mbili, sijui nitakuwa mtu wa namna gani. Kama huo sio utegemezi, basi mimi sijui maana ya neno."

Mama Sweta alikuwa amesimama na mkoba wake begani, anatazama feni ya darini kana kwamba imemwita. Alipenga kamasi.

"Muandike," akasema hatimaye. "Na uandike pia kwamba anakoroma, wenye vyumba vya jirani wasije wakasema hawakuambiwa."

Yule aliyetaka kuandikwa mbuzi alipiga makofi, na wenzake wakamfuata.

Walipewa vyumba viwili, sebule na jiko katika ghorofa ya nne, na lifti ilikuwa ya ahadi. Mashine ilipandishwa na seremala na wanaume wengine, wakitukana kila ngazi. Na ile ofisi ya makazi haikupata tena nafasi ya kupumua, maana habari zilisambaa. Watu walifika wawili wawili: shangazi na mpwa, rafiki na rafiki, mwanamke mmoja na dada wa mume aliyemkimbia. Wote walibishana pale mezani nani anamtegemea nani. Binti mwenye miwani alipeleka kesi hizo kwa wakubwa wake. Wakubwa walikunja uso, wakaahidi kukaa kikao, na wakiwa bado hawajakaa yeye aliendelea kuandika.

Siku ya kuhamia, Wembe alikagua vyumba. Kimoja kilitazama ukuta wa ghorofa jingine. Kingine kilikuwa na dirisha pana, mwanga umejaa mpaka kwenye pembe.

"Mama, wewe chukua hiki cha mwanga, kwa ajili ya kufuma," akasema. "Mimi nitakaa kile."

Mama Sweta alikuwa ameshaanza kufungua mabunda ya sufu sakafuni. Hakuinua hata kichwa.

"Tangu lini mtegemezi akagawa vyumba? Mashine inakaa sebuleni. Weka vitu vyako kwenye mwanga, halafu njoo unishikie hizi nyuzi, zimefungana."

Wembe akaweka begi lake chini ya dirisha, akaenda kushika nyuzi.