Kijiko cha Tano

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha sufuria ya umeme, Myeong Geum-rye wa Haenam, kusini mwa Korea, alipima mchele wa siku, kisha akachota humo vijiko vinne vya Bwana. Kimoja cha mumewe, kimoja cha mwanawe Pil-seong, kimoja cha mjukuu wake Da-on, na kimoja chake mwenyewe. Kila kijiko alikitajia jina la mtu wake, akaomba kwa kifupi, akakimimina kwenye mfuko wa kitambaa wa kupeleka kanisani Jumapili, wakapikiwe wenye shida. Wanawake wa kanisa lile walifanya hivyo tangu enzi za mama zao. Kijiko hushikwa na mwenye nyumba, mkaza mwana hakigusi. Geum-rye alikuwa Kwonsa, cheo cha wanawake wazima waliobobea katika sala, na alipenda kuitwa hivyo hata sokoni.

Majira ya kuchimba viazi vitamu, Mchungaji Ki alihubiri kwamba miujiza ipo tele, ila haina pa kuingilia. "Aminini tu, mtaona!" Watu wakaamini. Kuanzia Jumatatu, ikifika saa sita mchana, kila aliyechotewa kijiko alishiba bila kula kitu. Wanaume walikaa kwenye matuta ya kabichi wakipiga mbweu. Shuleni watoto wa kanisa walirudisha sahani kama walivyopewa. Mwenye mkahawa alikosa wateja, akafunga, akaja kubatizwa.

Nyumbani kwa Geum-rye walishiba wanne. Wa tano, mke wa Pil-seong, aliyeolewa kutoka Vietnam miaka minane iliyopita, aliona njaa kama kawaida, akala kiporo amesimama jikoni.

Jumapili baada ya ibada tambi zilipikwa, maana ni desturi, zikaachwa zipoe. Mezani alikula mtu mmoja.

"Nawe Mama Da-on," Mchungaji alimuuliza, "Bwana amekutendea nini wiki hii?"

"Mimi bado nina njaa, Mchungaji," alijibu, akaomba aongezewe kimchi, ile kabichi ya pilipili iliyochachushwa.

Watu waliinamia mabakuli yao. Hesabu ile haikuhitaji msomi. Geum-rye alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kumbe vijiko huko kwako vimepungua, dada?" jirani yake, Kwonsa Ban, alimnong'oneza.

"Ukome!"

Kesho yake Geum-rye alichota kijiko cha tano. "Bwana, na Mama Da-on," aliomba. Saa sita simu ililia kutoka shuleni: Da-on ametapika darasani, tumbo limevimba, ameshiba mara mbili. Bibi akaelewa kosa lake. Jina alilolitaja lilikuwa la mtoto. La mama mtu hakuwa nalo. Kabla Da-on hajazaliwa alimwita "wewe", na mtoto alipozaliwa mambo yakawa rahisi.

Alimfuata mwanawe shambani.

"Mkeo anaitwa nani?"

"Mama Da-on," alisema Pil-seong.

"Jina lake, mpumbavu wewe!"

Pil-seong alikuna kichwa. "Alinitajia siku ya harusi, Mama. Ni gumu kidogo."

Kumuuliza mwenyewe? Aibu iliyoje! Mtu amekufulia nguo na kukusugua mgongo miaka minane, unaanzaje kumuuliza jina? Basi kila asubuhi Geum-rye alifikia kijiko cha tano, akakishika hewani, midomo ikicheza bila neno.

Siku moja mkaza mwana aliingia kuchukua beseni la kabichi, akamkuta hivyo. Akasimama.

"Mama," alisema taratibu, "mimi naitwa Tham."

Uso wa Geum-rye uliwaka hadi masikioni. Jina lenyewe lilikuwa jepesi, hata mtoto angelitamka. Alichopaswa kusema kilikuwa kidogo tu, kilikuwa ulimini kabisa. Kikatoka kingine.

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna, Mama."

Tham alibeba beseni, akatoka. Geum-rye alirudisha mchele kwenye chombo na kukifunika. Alitaka kumkimbilia, na hakumkimbilia. Kulitaja lile jina sasa, aliona, ni kukiri mbele ya Mungu kwamba jana hakulijua, na Mungu alikuwa akimwita Kwonsa.

Tangu hapo alichota vinne, kwa imani ileile, na saa sita alishiba, na kila aliposhiba aliona haya. Alianza kumjazia mkaza mwana bakuli la wali mpaka likafurika, akimwekea na mnofu wa samaki juu. "Kula, Mama Da-on, kula, usione haya."

Jumapili iliyofuata, mezani, Mchungaji alipoomba shuhuda, wa kwanza kusimama alikuwa Geum-rye. Alisema nyumbani kwake, kwa neema ya Bwana, hakuna anayelala njaa.

"Amina!" kanisa likaitikia, na sauti iliyozidi zote ilikuwa ya Tham, aliyekuwa na mdomo uliojaa tambi.