Mama Kutu

Miaka kumi na tisa nimeitwa Mama Kutu, nami nimeitika.

Jina lilitoka kwa mume wangu. Yeye na wenzake walikuwa wakirusha ndege ndogo za mbao zenye injini, na mimi ndiye niliyemsafishia injini zake, kwa kuwa vidole vyangu ni vyembamba na sina haraka. Siku moja kabla ya mashindano, injini yake bora ikagoma kuzunguka. Akawaambia wenzake uwanjani, "Mke wangu aliiosha, akasahau kuitia mafuta. Imeshika kutu." Wakacheka mpaka basi. Tangu hapo sikuruhusiwa kugusa hata skrubu.

Mwezi huu wenzake wametangaza siku ya kurusha ndege zenye injini za zamani. Nikaitoa kabatini ile yetu iliyogoma, ndani ya soksi yake. Nilitaka kurekebisha kosa langu kabla sijafa.

Niliipasha moto kwanza, maana mafuta ya nyonyo yakikaa sana huganda kama gundi. Niliiweka juu ya kifuniko cha sufuria inayochemka, dakika ishirini. Kisha nikafungua plagi, halafu skrubu nne za kichwa, zote nikazitia kwenye kisoda. Silinda ikateleza nje, pistoni ikafuata. Nikachungulia kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

Kutu sikuiona. Mafuta yalikuwepo, rangi ya asali, yamekauka pale pale nilipoyatia. Lakini ubavuni mwa pistoni, upande wa tundu la moshi, palikuwa na jeraha. Mtu alichomeka bisibisi tunduni akaisukuma pistoni kwa nguvu, ndipo ikakwama. Jeraha lenyewe lilikuwa na kona moja butu. Nikavuta droo ya vifaa vya mume wangu. Bisibisi yake imevunjika kona moja. Nikaiweka juu ya jeraha. Ikakaa kama mguu kwenye kiatu chake.

"Vipi, Mama Kutu!" akaniita toka sebuleni. "Kutu imetoka?"

"Njoo uione, mzee."

Akaja na kikombe chake cha chai. Akatazama pistoni, akatazama bisibisi. Chai hakuinywa tena.

"Nilikuwa na haraka, mama watoto. Ningewaambiaje wenzangu? Mimi, fundi wao?"

"Ukawaambia ni mimi."

"Nilidhani utakasirika siku mbili, yaishe."

"Ningekasirikaje? Nilikuamini. Mimi ndiye niliyekuomba msamaha."



Nikalisugua jeraha kwa msasa laini mpaka kucha ikapita bila kukwama. Nikarudisha kila kitu, nikakaza skrubu kwa mshazari, kama alivyonifundisha mwenyewe. Nikazungusha panga la mbele, lile linalovuta ndege, kwa kidole. Injini ikapumua: puf.

Akanyoosha mkono. "Lete niiwashe."

Nikaitia ndani ya soksi, nikafunga fundo.

"Jumamosi, uwanjani. Wewe utaeleza, mimi nitawasha."

"Wengi wao wameshakufa, mama watoto."

"Waliobaki wanatosha."