Jina la Mutembei Ndani ya Skripti

Jumanne ambayo Mutembei hakufika ofisini, Kathambi alidhani kaka yake amepitiwa na usingizi. Saa nne simu ikaja kutoka Nkubu: moyo wake ulikuwa umesimama alfajiri, nyumbani kwa mama yao. Akazikwa wiki iliyofuata, na Jumatatu baada ya mazishi Kathambi akarudi kazini mjini Embu.

Walibaki wawili tu, yeye na Ndambiri, mwenye kampuni. Walitengeneza kisanduku kinachopima joto la friji za chanjo katika zahanati kumi na moja na kulituma ofisini kila dakika tano. Jumatatu hiyo Kathambi alirekebisha kosa dogo la maandishi, akaendesha skripti ya kaka yake, faili ya amri iliyokuwa ikiunganisha programu nzima, kisha akaituma programu hiyo kwenye visanduku vyote. Skripti yenyewe hakuisoma. Ilikuwa na jina la Mutembei, naye hakuwa na moyo wa kulitazama.

Alhamisi asubuhi Nelius, muuguzi wa zahanati moja upande wa Ishiara, akapiga simu.

“Kathambi, pole tena kwa ndugu yako. Lakini hii mashine yenu inanidanganya.”

“Inasemaje, sista?”

“Inasema nyuzi nne, baridi sawasawa. Na stima ilipotea jana mchana! Nimetia mkono kwa friji, unaweza kuangulia vifaranga humo. Nina akina mama ishirini kwa benchi. Nidunge ama nisidunge?”

Kathambi alitazama skrini. Nne. Zahanati ya pili, nne. Zote kumi na moja, nne kamili, tangu Jumatatu. Friji mbili za kweli hazikubaliani hivyo hata kwa saa moja.

“Usidunge hata mmoja. Weka kipimajoto cha kioo ndani, halafu unipigie.”

Ndambiri alikuwa amesimama mlangoni. “Unamwambia mteja mashine yetu ni ya uongo?”

“Ni ya uongo, mzee. Wapigie wale wengine kumi. Waambie wasidunge mpaka wapime wenyewe.”

“Kumi wote? Si utatuua!”

“Piga simu, mzee.”

Akafungua skripti. Programu yao ilikuwa na maktaba mbili, yaani mafungu ya amri, za kupimia joto. Maktaba ya kazi ilisoma friji yenyewe. Maktaba ya majaribio haikusoma chochote. Ilijibu nne siku zote, ili fundi aweze kufanya kazi mezani bila friji. Na katika mstari wa kumi na saba Mutembei alikuwa ameandika kwamba mwenye kompyuta akiwa ameingia kwa jina “mutembei”, ichukuliwe maktaba ya kazi. Akiwa mtu mwingine yeyote, ichukuliwe ya majaribio. Hakutaka mwingine atume kitu kwa bahati mbaya. Hakuwaza kwamba siku moja hatakuwepo.

Ndambiri akaweka simu chini, akainama begani mwake. “Basi andika wewe ni Mutembei. Itakubali, tumalize. Akina mama wanangoja.”

Ingechukua nusu dakika. Kathambi aliweka vidole juu ya vibonye, akaviondoa.

“Na mimi nikikosekana, utaandika nani?”

“Kathambi, hii si saa ya hayo.”

“Ndiyo yenyewe.”

Akafuta jina, akaandika mstari mwingine mahali pake. Machozi yalimjaa machoni, ikabidi asome mstari mpya mara mbili kabla ya kuuamini. Akaunganisha programu upya kwa maktaba ya kazi, akaijaribu kwenye kisanduku cha mezani kilichowekwa karibu na chai ya Ndambiri, kikasoma chai. Akatuma.

Walingoja dakika tano. Namba zikaanza kubadilika: tano, tatu, sita, nne, tano. Ya upande wa Ishiara ikaja mwisho: kumi na tisa.

Nelius akapiga. “Kioo kinasema kumi na tisa. Nimetenga dawa zote. Akina mama wamenitukana vizuri, wameenda. Watarudi Jumatatu, dawa mpya ikifika.”

“Hukudunga yeyote?”

“Hata mmoja.”

Kathambi akalaza kichwa juu ya meza. Ndambiri akatoka nje, akafunga mlango polepole.

Sasa anayeunganisha programu lazima aandike ni maktaba ipi anayotaka. Asipoandika, skripti inasimama, na hakuna kinachotumwa.