Mtungi wa Dawa ya Machungwa

Mutie alipomaliza kuyapulizia machungwa dawa ya kukuza, hakuutupa mtungi. Kijijini Mbumbuni hakuna anayetupa mtungi wenye kifuniko. Aliusugua kwa sabuni na mchanga, na mkewe Kathini akautumia kuchotea maji ya kunywa.

Machungwa yalinenepa, dalali akafurahi. Binti yao Mbithe, wa darasa la pili, naye akarefuka. Jumatatu sketi ilipanda juu ya magoti. Ijumaa aliinama kupita mlangoni. Baadaye mwalimu alimhamishia nje, akawa anasoma akiwa amepiga magoti dirishani. Jino lake la mbele lilikuwa bado halijaota.

“Mwaitu, magoti yanauma,” alimwambia mamake. “Nibebe.”

Kathini aliyamwaga maji ya ule mtungi wa dawa, akautoboa kwa panga. Mbithe aliacha kurefuka, lakini hakurudi alivyokuwa.

Siku ya soko Kathini aliunganisha leso mbili, akamfunga mtoto mgongoni, akashuka naye hadi sokoni Tawa. Miguu ya Mbithe iliburutika nyuma ikichora mistari vumbini. Watu waliwapisha njia na kuwasalimia.

“Mama Mbithe!” alisema Muli, mwenye duka la dawa za kilimo, walipoingia. “Huyu ukimnunulia viatu utauza shamba.”

Kathini aliubwaga ule mtungi uliotobolewa juu ya kaunta. “Lebo ulibandua ya nini?”

“Lebo inasema uvae glavu. Nani huku anavaa glavu?”

“Mtoto wangu amekunywa hii kitu. Wacha kuiuza.”

“Mimi nilimuuzia Mutie dawa ya machungwa. Sikumuuzia chai.”

Mwanamume aliyekuwa kwenye foleni alimpima Mbithe kwa macho, kuanzia unyayo hadi utosini.

“Na machungwa yanakuwa hivyo hivyo?” aliuliza. “Nipe lita mbili.”

“Mimi tano,” akasema mwingine.

Siku hiyo dawa iliisha kabla ya adhuhuri.

Siku ya soko iliyofuata, Muli alimkuta Kathini ameketi kwenye kizingiti cha duka na binti yake.

“Wewe tena?”

“Mimi tena. Mbithe, nyoosha miguu.”

Mbithe aliinyoosha, ikaziba mlango wote. Muli akaivuka, akafungua duka. Mteja wa kwanza kufika alikuwa Mutie.

“Kathini, dalali amesema machungwa madogo hachukui.”

“Nimesikia. Sisi hatutoki hapa. Ukitaka kuingia, ruka, lakini mwangalie mtoto usoni.”

Mutie alivua viatu kwa adabu, akairuka miguu ya binti yake, macho yake yakiwa kwenye rafu ya dawa.